Kuwahi

Kaka, wewe uliwahi.
Kila wimbo uliuwahi: sisi tungali ubeti wa pili
wewe umeshafika kiitikioni, umekaa, unatungoja
kama mgeni aliyeingia kabla maji ya kahawa hayajachemka.
Mama alisema ulizaliwa hivyo hivyo, wiki tano kabla ya siku yako,
Kemi, Februari, barafu mpaka ndani ya tundu la ufunguo,
baba yuko zamu ya usiku kiwanda cha karatasi
na teksi imegoma kuwaka.

Mimi miaka tisa, wewe kumi na miwili.
Ngoma zako za kwanza: ndoo mbili za sauna,
sufuria ya viazi, na mfuniko wa pipa
uliouning'iniza kwa waya wa kunasia sungura.
Gitaa langu lilikuwa na nyuzi tatu.
Zilizobaki zilikatika, pesa hatuna, tukasema
wimbo hauzihitaji.
Bi Hilkka wa jirani akagonga ukuta kwa ufagio,
nawe ukaufuata ufagio wake mpaka akachoka, akacheka.

Halafu miaka kumi na mmoja ndani ya gari kuukuu la mikate,
Tornio, Kajaani, Oulu, kumbi za vyama vya wafanyakazi,
baa yenye watu saba na mbwa mmoja.
Uliendesha kama ulivyopiga.
Nilishika mlango, nikafumba macho.

Sasa niseme lile.
Studio, Helsinki. Mtayarishaji, koti la ngozi, sauti ya upole:
"Huyu hakai kwenye mdundo."
Akaleta mtu wa kukodi, fundi safi, saa ya ukutani iliyoota mikono.
Ulinitazama.
Mimi nilikuwa nakaza uzi ambao haukuwa umelegea.

Santuri ile ndiyo iliyotulisha.
Hadi leo watu huniletea niitie sahihi,
nami natia, juu ya ngoma zisizo zako.
Hukuwahi kuniuliza.
Ona neno hili: wewe uliyewahi kila kitu,
hilo tu hukuwahi.
Ulimaliza kahawa, ukapakia vyombo,
ukasema utelezi umeanza barabarani, twende.

Hospitalini walikubandika nyaya kifuani, mashine ikahesabu.
Ti. Ti. Ti.
Vidole vyako juu ya chuma cha kitanda
viliisikiliza kidogo, kwa adabu,
kisha vikaipita.
Nimeona kwa macho yangu mtu akiuacha nyuma moyo wake mwenyewe.
Nikataka kukuambia lile.
Nikasema, "Nesi anasema supu inakuja."
"Supu ya nini?"
Ya samaki. Ilipofika, ulikuwa umelala.
Ikapoa pale dirishani, na theluji ikianguka, na mimi nikiitazama supu.

Daktari alisema moyo ulikosa pigo.
Simbishii daktari. Ila wewe, Jouko,
pigo hukulikosa hata siku moja. Ulilitangulia.

Juni iliyopita nilikupita umri.
Mdogo wako sasa ndiye mkubwa,
na hakuna aliyetangulia kunionyesha njia,
viatu vyako vimeishia hapa, mbele yangu theluji tupu.
Vijiti vyako viko kwenye droo ya vijiko.
Mke wangu ameacha kuuliza kwa nini.

Tumepata kijana wa ngoma, Onni, miaka ishirini na sita,
ana kidude sikioni kinachomhesabia.
Hakosei. Namshukuru, na kila usiku
naachiwa nafasi pana ya kusimama, wala sijui nisimame wapi,
mimi niliyezoea kuburutwa.
Jumamosi, Tampere, wimbo wa tatu,
nikamwona ameinua kichwa, amekunja uso.
Baadaye akanifuata nyuma ya jukwaa, taulo shingoni:
"Mzee, samahani. Unakimbia."

Najua, nikamwambia.
Kesho nifuate.